Saa Kumi Alfajiri, Lima

Mchana uliuzwa kwa bei ya dhahabu.
Sabuni na bia na magari ya kutoka nje
zilikuwa zimekwisha kununua kila saa yenye jua.
Sisi tulioshuka milimani, meneja alitufungulia droo ya chini:
"Ipo saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri.
Hakuna anayesikiliza. Chukueni kwa nusu."

Baba akachukua.
Eulogio Taipe, mpagazi wa viazi sokoni,
alilipia mwezi mmoja kwa noti zenye udongo,
akaingia studio kofia mkononi
kama mtu aliyeitwa na daktari.

Hakuna anayesikiliza!
Na nani aliyekuwa macho saa zile kama si sisi?
Waoka mikate. Wafagiaji. Yaya wa Miraflores
akiwasha jiko, bwana bado anakoroma,
redio kaiviringisha taulo isimwamshe mtoto.
Na kule juu kilimani, kwenye vibanda vya matete,
sauti ilifika kabla ya maji, kabla ya umeme,
kwa betri zilizoanikwa juani ziongeze siku mbili.

Baba alipiga wayno, kinubi na fidla,
na kati ya sahani na sahani alisoma vikaratasi:
"Kinyozi Abdón leo katimiza arubaini, hongera."
"Jumapili ngoma uwanja wa matofali, kiingilio soli mbili."
Dawa ya minyoo (hiyo ilitulisha mwaka mzima).
"Teodosia Ccanto, popote ulipo: mama yako amefika,
yuko kituo cha basi, ana kondoo mmoja,
hajui kusoma."

Vikaratasi vilipojaa gunia, meneja alikuja kulipima kwa macho.
Mwezi uliofuata nusu ikawa nzima,
na nzima ikawa nzima na kitu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nikipanga sahani.
Baadaye yakaja magitaa ya umeme, yakaja masafa ya FM,
vijana wanaotafuna maneno kama ubani,
na mwenye redio akauza mnara, jina, na viti.
Gunia walilitupa.

Siku hizi wayno inapigwa saa sita mchana,
bia ileile inaigharamia.
Juzi tulikuwa ndani ya teksi, dereva akaongeza sauti,
baba akatazama jua kali la barabarani,
akauliza, kwa wasiwasi hasa, "Saa hizi?
Nani anasikiliza?"

Mimi swali langu ni jingine, nami humuuliza kila mwaka:
Teodosia alikwenda kituoni?
Husugua goti. Husema redio ni mdomo, haina sikio.
Kisha husema, labda.
Kisha husema kwamba yule kondoo
alikuwa akilia nyuma ya mlango wa studio,
kwa hiyo mama mtu alikuja mwenyewe na karatasi yake,
na yeye, baba, alikuwa na wimbo wa kupiga,
hakutoka kumtazama.