Godoro la Zamu

Nilishuka Malindi na barua ya kazi,
begi moja, na namba ya simu ya binamu
ambayo haijapokewa mpaka leo.
Kampuni ya maji ilinipa buti, tochi, daftari
na mitaa mitatu ya kusoma mita.
Nyumba hawakunipa. Hawakuahidi.

Wiki ya kwanza nililala gesti,
nikilipa usiku kwa usiku kama mtu anayemeza dozi,
asubuhi natoka na begi mgongoni
maana kitasa kilikuwa cha kuchorwa tu.

Msoma mita huona mengi.
Kule Casuarina, geti, bustani, bwawa,
mlinzi anasinzia, mwenyewe haji ila Desemba,
na mita inazunguka peke yake
ikinywesha nyasi.
Kisumu Ndogo, milango kumi na minne, bomba moja,
ndoo zimepanga foleni tangu alfajiri,
kila ndoo na uzi wa rangi yake.
Nami katikati na kalamu,
naandika kiu za watu
nisijue yangu nitaitua wapi.

Dalali alikuwa na kofia safi na haraka.
Alitaka mia tano ya kunionyesha, mia mbili ya mafuta,
akanifikisha kwenye chumba chenye mti ndani.
Mti. Mwarobaini, umeingia kwa ukuta, umetokea paani.
"Hewa hiyo," akasema.
Mwenye nyumba wa Barani aliniuliza
natoka wapi, nasali wapi, naolewa lini,
na ati watu wa Tana hulipa?
Nikamjibu: hulipa,
wakidaiwa kodi, si ukoo.
Mlango ulifungwa kwa adabu.

Nyevu nilimpata kwa deni.
Maweni, ghorofa ya pili, miezi miwili hajalipa maji.
Nilitumwa kukata.
Akafungua saa nne asubuhi, macho yamevimba,
unga kwenye nyusi, kazeeka upande mmoja.
"Usinikatie, dada. Mwenzangu kaolewa Mariakani,
kaondoka na nusu ya kodi na ufagio."
Nikachungulia: chumba, kitanda kimoja, dirisha.
"Kwani wewe hulala saa ngapi?"

Kwenye daftari niliandika: *mlango umefungwa, nitarudi Jumatatu.*
Uongo wangu wa kwanza mjini.
Jumatatu nilirudi kweli, na begi.

Tuligawana saa, si vyumba.
Usiku wangu, mchana wake;
jioni yeye humsaidia dadake viazi karai,
kisha tanuri la mkate mpaka jua litoke.
Nilimjua kwa alivyoviacha:
swichi ya taa yenye vidole vya unga,
birika lenye joto la mwisho,
bonde katikati ya godoro
ambalo kila usiku nililitoka, na kila usiku likanirudisha.
Mezani, nusu mkate ndani ya gazeti
na karatasi: *Gesi inaisha. Panya karudi. Kula.*
Nami chini yake: *Nimelipa maji. Panya simjui.*

Miezi mitatu.
Kisha usiku mmoja tanuri likapasuka,
akarudi saa tano, akanikuta nimelala upande wake,
ambao ndio upande wangu.
Tukasimama kama wageni wawili msibani.
"Lala wewe."
"La, wewe ndiye mwenye usiku."
Mwishowe hakulala mtu.
Tukakaa ngazini na mkate wa jana,
chai isiyo na maziwa, mbu wa kutosha wote wawili.
Ana kicheko kikubwa, sikukitarajia.
Karatasi haina sauti.

Kulipokaribia kucha akanigeukia, aibu imemshika:
"Hebu niambie. Kwenye simu nimekuandika Wa Mita.
Jina lako hasa ni nani?"
"Hadulu," nikasema.
Akalirudia polepole,
akalikosea kidogo hapo mwisho,
nami sikumsahihisha.