Jua la Jumanne

Nilinunua gari la umeme, mkono wa pili,
rangi ya maziwa yaliyoganda, mlango mmoja umebonyea,
kutoka kwa tarishi wa posta aliyehamia mjini.
Torcuil, jirani yangu, alilizunguka mara mbili,
akalipiga teke tairi kama mtu anunuaye ng'ombe.
"Murdina, hili utalilisha nini? Ukungu?"

Halikuwa swali baya.
Nguzo za umeme zilikomea kijiji cha pili,
nasi huku, ncha ya kisiwa, kaya saba za Uskoti,
tukabaki na jenereta na dizeli iletwayo na feri,
na feri ni mgeni asiyetoa ahadi.
Nikafunga paneli kumi na mbili juu ya paa la zizi.
Kondoo walizikodolea macho wiki nzima, wakazoea.

Nikajifunza hesabu mpya.
Mwezi wa sita jua hukataa kuchwa,
saa nne za usiku bado linapapasa kuta.
Desemba huchungulia saa tatu na nusu asubuhi,
saa tisa na nusu alasiri limeshajifunika.
Siku nzima ya Desemba, mawingu yakiwa na huruma,
hunipa kilomita tisa.
Hadi kwa dada yangu Oighrig, kwenye nyumba ya wazee,
ni thelathini na nane. Na kurudi.
Basi kumtazama dada ni siku nane na nusu za jua,
na kupasha viti joto ni anasa:
nilivaa makoti mawili, nikaendesha
pumzi yangu ikiganda kwenye kioo.
Haba na haba, na kibaba changu kina matairi manne.

Oighrig alikuwa amesahau mengi,
hata jina la marehemu mumewe,
lakini mchezo huu aliushika.
"Umekuja na jua la lini?"
"La Jumanne, zaidi. Na kipande cha Ijumaa,
kabla ya mvua ya mawe."
Alinishika viganja akavinusa.
"Ndiyo. Jumanne. Niliiona dirishani. Ilikuwa nzuri."

Februari simu ililia usiku.
Muuguzi alisema njoo, hakusema sababu.
Betri: asilimia kumi na moja.
Nilisimama nje ya zizi, tochi nimeielekeza paani,
paneli zimelala chini ya theluji, hazina hatia.

Sikumwita Torcuil. Labda aliuona mwanga.
Gari lake mwenyewe lilikuwa gereji ng'ambo,
likisubiri kipuri, na kipuri kikisubiri feri.
Alikuja akiburuta jenereta kwenye toroli
na dumu alilokuwa ameliweka kwa msimu wa kondoo kuzaa,
akachomeka waya bila kunitazama.
Ilinguruma saa tatu. Hatukusema neno.
Nilipowasha gari akagonga kioo,
akanipa chupa ya chai, akarudi kulala.

Oighrig alifumbua jicho moja.
"La lini?"
"La Torcuil," nikasema.
Akauvuta mkono wangu puani.
"Linanuka," akasema, na pembe ya mdomo ikajikunja.
Nilikaa naye hadi madirisha yakawa ya kijivu,
kisha nikakaa tena, ingawa hapakuwa na haja.

Sasa ni Juni.
Saa nne asubuhi gari limeshiba, taa ya kijani,
na jua linazidi kumimina, linamimina,
kama mwenyeji ambaye hakuna aliyemwambia
kwamba wageni hawaji.
Nimevuta waya hadi kwa Torcuil:
unaendesha friji lake, na mashine ya kunyolea kondoo.
Amelipa kwa mayai. Hajasema lolote kuhusu ukungu.
Bado linabaki.

Jana niliwasha joto la viti, vyote viwili,
nikaketi ndani ya gari lisilokwenda popote,
mkono wangu juu ya kiti cha abiria
kikipata moto taratibu.
Ilikuwa Jumanne.