Kona ya Tatu

Ekzosi ilikuja na Subaru ya mteja, ya Japani kabisa.
Lushinge akaipima kwa waya na chaki,
akashindilia bomba mchanga wa Kirumba,
akalipasha moto, akalikunja polepole
kama unavyomkunja mtoto mkono
kumvalisha sweta.

Kona ya tatu akaizidisha kidogo:
mawe ya kupanda Bugando yalikuwa yanagonga.
Hiyo haikuwa ya Japani.
Hiyo ilikuwa ya Mabatini.

Juzi, dukani mtaa wa Rufiji,
boksi jipya, maandishi ya dhahabu: ORIJINO.
Nikapapasa kona ya tatu kwa kidole.
Mpindo ule ule.
Hata kovu la kulehemu, nalo wamelinakili.

Nikampelekea habari mbiombio.
“Fundi, wamekuibia!”
Akapandisha miwani kwenye paji.
“Na mimi yule Mjapani nilimwomba?”

Akachukua tupa, akasugua, akaacha.
“Kona wachukue. Ila lile kovu…
umeme ulikatika katikati ya kazi,
Nyanzobe akanimulikia kwa simu
mpaka chaji ikaisha.

Wao
walimulikiwa na nani?”