Saba Yenye Mkanda

Jumamosi, saa moja kasoro, nipo Gerezani:
tochi, futi, noti za elfu tano tano
nimezigawa mifuko minne, maana muuzaji
akiona bunda anaona mjinga.
Situmwi na mtu. Ni ugonjwa wangu:
miguu ya viti inayokonda kwenda chini,
redio za mbao zenye kitambaa kifuani,
vitasa vya shaba vilivyolambwa na viganja
vya watu waliokwisha hama.

"Unatafuta nini, kaka?"
Cha miaka ya sitini kurudi nyuma, nasema.
Wananiletea pasi ya mkaa.
Wananiletea feni isiyo na mapanga.
Mara moja Pazi, mkata vyuma, alimleta babu yake:
huyu wa hamsini na nane, bei maelewano.
Babu alicheka kutushinda sote.

Mchana natembea Kisutu shingo juu,
nawapamia wauza soksi, natukanwa, naomba radhi.
Juu ya kibao cha duka la simu,
juu ya viyoyozi vinavyotiririka jasho,
ghorofa tatu zinakata kona bila pembe,
na ukuta wa matofali ya matundu
unaupepeta upepo kama ungo:
joto hubaki nje na wapita njia.
Aliyelichora hakuacha jina. Kaacha mwaka tu,
1957, kwa saruji,
saba yake ina mkanda kiunoni.
Jumba hili halimo kwenye orodha ya mtu.
Si la Mjerumani, si la sultani,
halina uzee wa kuheshimiwa
wala ujana wa kutamaniwa.
Ni mtu wa makamo harusini:
hapigwi picha, anatumwa maji.

Mlinzi kaniachia kwa elfu mbili na soda.
Ngazi za terazo, kijani na nyeupe,
chembe za chupa zinang'aa ndani yake.
Nikavua viatu. Hakuna aliyeniambia.

Kwenye kituo cha ngazi, ghorofa ya pili,
Chausiku anakaanga kachori,
na alichokalia nilikijua
kabla hajainuka:
mninga, mgongo umepinda kidogo
kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi,
kamba ya bluu mahali palipokuwa na ukindu,
mkono wa kulia umeungua duara la sufuria.

"Niuze? Halafu nikalie nini?"
Nikamletea viti viwili vya plastiki, vyekundu,
bei bado imebandikwa. Na elfu arobaini juu.
Nikakibeba kichwani mpaka Magomeni,
majirani wakidhani nimefukuzwa nilikopanga.

Wiki tatu za msasa na mafuta.
Mteja wa Masaki akaona picha:
anakitaka, kwa kodi yangu ya miezi minne,
ila lile duara liondoke.

Nikarudi Kisutu kuuliza fundi alikuwa nani.
Mabati ya bluu yamelizunguka jumba,
na nyuma ya mabati hakuna jumba.
Kijana wa tingatinga akaniacha nichakure.
Niliitafuta ile saba yenye mkanda.
Nikapata tano, nayo imepasuka tumbo.

Chausiku yuko ng'ambo ya barabara,
karai lile lile, kiti chekundu kimoja;
cha pili kilivunjika mguu siku ya nne.
Nilisubiri anidai changu chake.
Akanifungia kachori mbili kwenye gazeti,
akaniuliza tu,
"Na wewe, kinakupumzisha?"

Sikuwa nimewahi kukikalia.

Nilikikalia usiku ule, tano ikiwa sakafuni,
simu ya Masaki ikiita na kunyamaza.
Kiwiko kiliteleza chenyewe
kikatua kwenye duara,
kilichoungua kikanipokea
kama kisahani.