Misumari Kumi na Mmoja

Redio ya Mahinyila ilisema mara moja tu,
kisha betri ikafa katikati ya neno "kilomita".
Hatukujua ni kilomita ngapi kwa saa.
Tulijua ni usiku wa leo, tulijua ni Julai,
na Julai hapa Mvumi upepo haupigi hodi.

Tangu asubuhi baridi imekaa magotini.
Mwewe hawaruki. Vumbi limetulia mno,
kama mtoto aliyevunja chungu
akajibanza nyuma ya mlango.

Tukaanza na mtama uliokuwa juu ya tembe.
Masuke yakashuka kwa ungo, kwa kanga, kwa sufuria,
kwa shati la Nyemo, aliyebaki kifua wazi
akitetemeka na kucheka.
Sola nikaing'oa mwenyewe, nikaiviringishia blanketi,
nikailaza uvunguni.
Majivu ya jikoni tukayamwagia maji,
maana moto na upepo wakikutana
hawaulizani ukoo.

Bibi Sechelela tukamwambia atoke kwenye tembe lake,
aje kulala kwetu kwenye bati.
Akatema ugoro.
"Bati lenu lina misumari mingapi?"
Hatukujua.
"Kahesabuni. Paa langu mimi ni udongo.
Upepo ukilitaka, uje na jembe."

Tukahesabu.
Bati la tatu kutoka mlangoni lina misumari minne,
na miwili kati ya hiyo imeshika kutu,
haikushika mbao.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ngazi.
Mtaa mzima una ngazi moja,
nayo ni ya Chilewa,
na mimi na Chilewa hatujasalimiana
tangu mvua za mwaka juzi,
kwa ajili ya hatua mbili za ardhi
isiyoota hata mbigili.

Hodi yangu ilitoka nyembamba.
Alikuwa akifunga lango la zizi kwa kamba ya katani.
Hakugeuka.
"Ngazi iko nyuma. Kidato cha tatu kibovu, kiruke."
Sikusema asante. Nilisema,
"Una misumari ya kofia?"
"Kumi na mmoja."
Alikuwa amekwisha kuihesabu.

Perusi, mimba ya miezi saba,
alikatazwa kubeba mawe. Akabeba mawe.
Mwalimu Edina, mgeni wetu wa mwaka huu,
alisimama na ndoo mkononi akauliza,
"Hapa huwa inakuwaje?"
Mahinyila akamjibu, "Asubuhi huwa tunaokota."
Kisha akaona macho ya yule mama,
akaenda kumzibia madirisha kwa viroba
bila kusema neno la pili.
Watoto wake wawili tukawapeleka kwa Bibi,
pamoja na kuku, pamoja na mtama.
Bibi akalalamika kwamba kuku wananuka.

Ulibaki waya, ule mnene wa shamba la zabibu lililokufa.
Tukaurusha juu ya paa.
Ncha moja tukaifunga kwenye mlonge.
Ya pili haikuwa na pa kushika,
isipokuwa kisiki cha mwarobaini,
kile kile tulichokipeleka kwa mtendaji,
mimi nikiapa ni changu, yeye akiapa ni chake.

Nikakitazama. Naye akakitazama.
Akatoa koleo mfukoni.
"Vuta," akasema.
Nikavuta. Akakaza.
"Tena."

Sasa ni saa mbili. Taa tumezima.
Kutoka upande wa Mpwapwa kuna kitu kinakuja
kama ng'ombe mia wakishuka korongoni,
na waya juu yetu umeanza kulia,
sauti moja, ndefu, kama mbu mkubwa.
Najua na Chilewa anausikia.

Ngazi yake imelala ndani kwetu,
kutoka kizingitini hadi miguuni pa kitanda.
Nimejikwaa nayo mara mbili.
Kesho, tukiamka na paa au bila paa,
itabidi niirudishe,
na sijui nitaanza na neno gani.