Mililita Moja

Kliniki iko ghorofa ya pili, Al-Khuwair,
juu ya duka la mapazia na fundi wa abaya.
Nilipanda ngazi. Lifti ina kioo,
na kioo ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Daktari Hanadi alinikalisha chini ya taa kali,
kama mtu anayekagua samaki kabla hajampatana bei.
Akaniambia nicheke, nikacheka.
Akaniambia ninune. Hilo sikuhitaji kufundishwa.
Akachora kwa kalamu nyeupe: hapa,
toka pembe ya pua mpaka pembe ya mdomo,
na hapa, shavu lilipoporomoka.

"Uso haukunjiki tu kama shuka," alisema.
"Mafuta hupungua, mfupa nao hunywea,
ngozi ikabaki foronya iliyotolewa pamba.
Kwa hiyo hatupigi pasi. Tunajaza."
Akanionesha sindano: ute mwangavu, mzito,
mfano wa weupe wa yai.
Mwili wenyewe hutengeneza kitu kama hiki,
hushika maji, kisha huliwa kidogo kidogo.
Miezi tisa. Mwaka, ukijaaliwa.

Hakunificha mengine: uvimbe, madoa ya zambarau,
na mara chache, mara chache sana, akarudia,
ute ukiziba mshipa wa damu
ngozi hufa, na jicho huweza kuzimika.
"Ukiona weupe, ukihisi maumivu yanayozidi,
usingoje asubuhi. Ipo dawa ya kuyeyusha."
Nikatia saini. Rial mia na thelathini.
Wakanipaka malai ya ganzi,
nikangoja na midomo isiyokuwa yangu.

Mdogo wangu Thuweba alipojua
alicheka mpaka kahawa ikamwagika.
"Miaka sitini na moja! Unamtaka nani?
Kweli ng'ombe hazeeki maini."
Sikumjibu.

Jibu langu lina miaka themanini na nne,
limekaa kwenye kochi, Al-Mabela,
na blanketi magotini, mwezi wa sita.
Kiarabu kimemtoka chote, alichojifunza ukubwani,
kimebaki Kiswahili cha Unguja, kizima, na matusi yake.
Mwaka mzima namlisha uji,
mwaka mzima ananiita Bi Shekha,
jirani aliyekufa kabla sijaolewa.
"Karibu, Bi Shekha. Muzna hayupo,
Muzna yuko benki, Ruwi. Atarudi saa tisa."
Namfuta mdomo.
Saa tisa inafika, inapita.
Na mimi ndiye Muzna.

Nililala chali siku mbili, barafu kwenye kitambaa,
shavu la kushoto limevimba kama lina kashata.
Ijumaa nikaenda kwake. Nikavua viatu,
nikaweka mkoba mezani kama zamani.
Akanitazama. Muda mrefu.
"Leo wamekuweka sana," akasema.
Kisha akanivuta, akanibonyeza shavu kwa kidole gumba,
pale pale daktari alipokataza kubonyezwa.
"Umenenepa. Huko benki wanakulisheni vizuri."
Niliuma ulimi.
Nikasema, "Shikamoo, mama,"
naye akaitika kwa jina langu.

Sijui kama ni sindano.
Nilimwuliza Daktari Hanadi, akavua glavu taratibu,
akasema hajaona kitabu kinachosema hivyo.
Hakusema si kweli.

Sasa ni mwezi wa saba.
Mstari unarudi, kwanza ukiwa uzi, sasa ukiwa ukamba.
Juzi mama alifungua mdomo, akasita,
ikatoka "Mu...", ikaning'inia,
na kijiko mkononi mwangu kikapoa.

Thuweba anasema mwache aende na Bi Shekha wake.
Labda ana haki. Pesa zenyewe ni za paa linalovuja,
na uso wangu haukuumbwa uwe dawa ya mtu.
Nikatoka nje, penye joto, nikapiga simu.
Binti wa mapokezi akauliza,
"Mara ya kwanza, au marudio?"
"Marudio," nikasema.
Akanipa Jumatano, kabla ya saa tisa.