Kanda la Usufi

Saa kumi na mbili asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga,
kompresa ya Syombua inakohoa kama mtu aliyelala nje.
Nimemletea tela. Gurudumu la kushoto pana, limevaa rimu ya gari la marehemu babangu;
la kulia jembamba, nililiokota Gikomba kwa bei ya maneno matamu.
"Nijazie tu upepo," namwambia. "Nina mazishi Ruai saa nne."

Hajibu. Anachuchumaa,
anasugua tope ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba
mpaka namba zitoke.
"Themanini na mbili. Hili hubeba kilo mia nne sabini na tano, basi.
Unapeleka nini huko?"

Viti.

"Vingapi?"

Mia mbili.

Anaokota chaki, anaandika kwenye mlango wa bati:
viti, mia tano. Hema mbili na nguzo zake, mia tatu.
Jenereta, ambayo nilitaka kuisahau, tisini.
"Na tela lenyewe? Au hilo linajibeba?"
Mia tatu na kumi.
Jumla inanitazama kutoka kwenye bati:
elfu moja mia mbili. Kila upande mia sita.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Syombua hajawahi kuuona huo usufi.

Nabisha. Pesa nilizo nazo ni za petroli
na za vijana wa kupanga viti.
Basi ongeza upepo, nasema, tairi lishupae.
Anacheka kwa pua.
"Upepo haukopeshi kilo.
Ukiuzidisha kipimo, unatafuta tu palipochoka:
uzi, valvu, rimu iliyolika."
Anaivua ile ya kushoto, anainua juani.
Matundu ya nati yamepanuka, yamekuwa mayai.

"Babako alikuwa dereva mzuri?"
Sana.
"Basi mwache apumzike."

Anashusha mapacha kutoka rafuni,
inchi kumi na nne yote mawili, kashata zake zimelika sawasawa,
ubavuni mia moja na mbili: kilo mia nane hamsini kila moja.
Rimu zake anazigonga kwa spana, anasikiliza.
Valvu za chuma. Sitini na tano huku, sitini na tano huku,
upesi, kabla jua halijayapasha moto
na geji ikaanza kusema uongo.

Malipo?
Tunaitazama jenereta kwa pamoja.
Naishusha, naiacha rehani chini ya meza yake,
naye anafuta tisini kwa kiganja.

Ruai, mchungaji anatafuta kipaza sauti.
Namwambia hakuna stima.
Anasimama kidogo, anakuna shingo,
halafu anawaomba waliokaa nyuma wanyanyue viti,
wasogee.
Wanasogea mpaka magoti yanakaribia jeneza,
na mjane, aliyekuwa akinong'ona tu tangu asubuhi,
anasikika na kila mtu.